Mbuzi alikuwa bado hai: kisa cha oda iliyoghairiwa Moshi

Jumapili ya tarehe 21 Desemba, saa nne asubuhi, nimesimama nje ya mochwari na shemeji zangu, ujumbe wa meneja wa mgahawa ukaingia kwenye simu. "Poleni sana na msiba kaka. Kwa utaratibu wetu anayeghairi ndani ya siku 14 analipa 75% ya jumla. Mmeshalipa 1,100,000 hivyo bado tunawadai 550,000. Mungu awatie nguvu."

Nimeusoma mara nyingi tangu siku ile. Mwanzo pole, mwisho dua, katikati ankara.

Wakwe zangu walikuwa wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Familia ikaunda kamati, na mimi nikapewa uhazini kwa sababu natunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi pale Mbuyuni. Mkwe kushika pesa za ukweni ni mtihani ambao simwombei mtu, lakini hilo tuliache. Mpango ulikuwa misa asubuhi Kibosho, halafu mchana wote tushuke mjini kula kwenye mgahawa mmoja wenye bustani. Tarehe ikawa Jumamosi ya 27 Desemba, kwa sababu ile ambayo kila mtu wa Moshi anaijua: hiyo ndiyo wiki ambayo mji una wenyewe. Mabasi ya kutoka Dar yanapandisha watu usiku na mchana, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina moshi, na aliyeko Mwanza, Mbeya au ughaibuni yuko nyumbani. Ukitaka kumwona Mchaga na ndugu zake wote kwa mkupuo, ni hapo.

Tarehe 3 Novemba nikaenda kuweka oda. Watu 60, kila mmoja Sh 30,000: pilau, ndizi nyama, kuku, mboga, matunda, soda moja na maji. Juu yake ndafu mmoja, yaani mbuzi mzima wa kubanikwa, Sh 400,000. Jumla Sh 2,200,000. Meneja, dada mmoja mchangamfu, akataka nusu. Nikalipa kwa lipa namba Sh 1,100,000, akaniandikia karatasi kutoka kitabu cha nakala, akagonga muhuri. Risiti ya mashine sikupewa na sikuidai. Nyuma ya kaunta, juu ya friji, palikuwa na kibao: "Oda ikishalipiwa pesa hairudi." Nilikiona. Siwezi kusema sikukiona, maana nilikaa chini yake nikinywa chai.

Tarehe 19 Novemba, siku kumi na sita baada ya kulipa, ukaja ujumbe mrefu wa WhatsApp wenye kichwa "Vigezo na masharti". Ndani yake ndimo ilimokuwa ile 75%. Nikajibu kwa kidole gumba, kama tunavyojibu wote.

Usiku wa tarehe 20 Desemba baba mdogo wa mke wangu akafariki. Ukoo ukakaa, ukapanga mazishi Kibosho, na kwa kuwa watoto wake wawili walikuwa mbali, siku ikawa Jumamosi ya tarehe 27. Ndiyo ile ile. Asubuhi yake nikampigia meneja kabla hata sijanywa maji. Niliomba mambo mawili: atusogezee tarehe hadi Januari, au kama haiwezekani, akate gharama zake aturudishie kinachobaki. Akasema atanijibu. Jibu ndilo lile la saa nne.

Wengi wakisikia kisa hiki husema "hawana utu, mtu kafiwa." Mimi nilianza na hasira hiyo hiyo, na nadhani ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Mgahawa haukumuua mtu. Kisheria pia msiba wetu hautufungulii mlango: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56, inaachilia pande zote pale jambo lenyewe linapokuwa haliwezekani tena. Bustani ilikuwepo, wapishi walikuwepo, wakwe zangu walikuwa hai. Kula kuliwezekana, ila sisi hatukuweza kukaa tunakula ndafu wakati marehemu anashushwa kaburini. Hilo ni letu. Tulighairi sisi, na anayeghairi ana kitu cha kulipa.

Swali lililobaki ni kiasi gani, na hapo ndipo mhasibu anapovua koti la mfiwa.

Kwanza ile 75%. Mkataba wetu ulikamilika tarehe 3 Novemba: tuliafikiana watu, chakula, siku na bei, pesa ikatoka mkono mmoja ikaingia mwingine. Sharti linaloletwa baada ya hapo ni ombi la kubadilisha makubaliano, na mwenzako lazima alikubali. Je, kidole gumba changu kilikubali? Meneja alisema ndiyo. Mimi nasema kilimaanisha "nimeona." Hakimu angeweza kwenda upande wowote, kwa hiyo sikutaka kusimama juu ya hoja hiyo peke yake. Nikaurudia ujumbe wenyewe, mstari kwa mstari, usiku wa Jumanne, msibani, wengine wakicheza karata. Mstari wa nne ulisomeka: "Mgeni atakayeghairi chumba ndani ya siku 14 kabla ya kuwasili atatozwa 75%."

Chumba. Mgahawa ule hauna hata godoro moja.

Walikuwa wamenakili masharti ya hoteli. Hili halikunichekesha tu, lilinionyesha ubovu wa tozo yenyewe. Hoteli yenye chumba kimoja ikikusubiri usiku wa leo usitokee, usiku huo umekwenda na haurudi. Gharama zake karibu zote ziko palepale: jengo, mlinzi, mkopo wa benki, mpokea wageni. Kwa kutokuja kwako wanaokoa sabuni, umeme kidogo, maji, kufua mashuka na kifungua kinywa. Hoteli ikidai sehemu kubwa ya bei, walau hesabu ina kichwa na miguu, hasa mwishoni mwa Februari wakati wa Kilimanjaro Marathon ambapo Moshi nzima haina kitanda. Chakula sivyo. Pilau ambayo haijapikwa, mchele wake uko ghalani. Kuku hajachinjwa, gesi haijawaka, kibarua wa kuosha vyombo hajaitwa. Sehemu kubwa ya Sh 30,000 ya mgeni ni vitu vya kununua, na visiponunuliwa pesa inabaki mfukoni. Kutoza pilau kwa bei ya chumba ni kupima mafuta ya taa kwa futi.

Kibao cha juu ya friji ndicho hoja yao yenye nguvu kweli. Kilikuwepo kabla sijalipa, na nilikisoma. Lakini hata hapo kuna kutofautisha. Kuna pesa ya kuonyesha nia, ile ambayo mtaani tunaiita kishika uchumba na wazee waliiita arubuni: ndogo, ya kumzuia mwenye mali asiuze kwa mwingine, na ukiingia mitini unajua umeiacha. Halafu kuna malipo ya awali, sehemu ya bei yenyewe inayotolewa mapema ili kazi ianze. Nusu nzima ya Sh 2,200,000 siioni kama kishika uchumba. Ukimwachia mwenye mgahawa aimeze yote bila kuulizwa, umempa adhabu na kuiita utaratibu.

Sheria yetu ya mikataba ina kifungu kizuri juu ya hili, cha 74. Hii ni sheria iliyofuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, na lugha yake ni ya kizamani, ila maana yake ni nyepesi: mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa mtu akivunja makubaliano, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Watu husoma mwisho wa sentensi wakasahau katikati. Kiasi kilichoandikwa ni dari, si sakafu. Aliyevunjiwa halazimiki kuleta stakabadhi ya kila shilingi aliyopoteza, lakini pia hachukui dari nzima kwa kuwa tu imeandikwa. Na kifungu kinachotangulia, cha 73, kinaongeza kuwa katika kupima hasara hutazamwa pia njia zilizokuwepo za kuipunguza.

Na njia ilikuwepo, tena ilikuwa imekaa kwenye viti vyetu.

Jumamosi ile, tumetoka kuzika, shemeji yangu mmoja alishuka mjini kuchukua dawa za mama. Akapita barabara ya mgahawa. Akanipigia: "Shemeji, bustani imejaa. Mahema yale yale, MC anapiga kelele mpaka huku." Ukoo mwingine, watu wa Machame kwa vitenge vyao vya sare. Shemeji alitaka kuingia pale pale akiwa na suti ya msibani na vumbi la kaburini. Nikamwambia rudi nyumbani, Jumatatu nitakwenda mwenyewe na daftari.

Jumatatu tarehe 29 nilikwenda. Meneja alinipokea vizuri, kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alinieleza mwaka uliotangulia kikundi cha watu 80 kiliweka oda ya mkesha wa Krismasi bila kulipa hata mia, jikoni wakapika, na hadi saa tatu usiku simu ya wateja haipatikani. Wali wa watu 80 waligawa kwa majirani na bodaboda. Ndiyo maana bosi akasema kuanzia sasa nusu mbele. Nilimwelewa. Desemba ya Moshi ina ugonjwa wake: binamu watatu wa ukoo mmoja, kila mmoja kwa wakati wake, anaweka meza sehemu tatu tofauti, halafu familia inachagua moja na hakuna anayezipigia nyingine mbili. Sisi wateja ndio tuliozaa kibao kile.

Nikamuuliza taratibu: "Dada, wale wa Jumamosi walikuwa wangapi?"

"Walikuwa 45 tu kaka. Nyie mngekuwa 60."

"Waliweka oda lini?"

Akanyamaza kidogo. Walikuwa wameulizia tangu Novemba, wakaambiwa bustani imeshachukuliwa. Tulipoghairi, Jumatatu ya tarehe 22 akawapigia. Bei ile ile, ila bila ndafu.

Jibu hilo lilikuwa kila kitu. Kama mgahawa ungekuwa na bustani mbili, wale 45 wangekuja hata sisi tungekuwepo, na mgahawa ungesema kwa haki kwamba umewapoteza wateja 60. Bustani ni moja. Wale waliingia kwa sababu sisi tulitoka, kwa hiyo pesa yao inaziba pengo letu.

Nikafungua daftari, nikaandika mbele yake. Watu 45 mara 30,000 ni Sh 1,350,000 waliyopokea kwa wale. Ongeza yetu 1,100,000. Ongeza 550,000 mnayotudai. Jumla Sh 3,000,000. Sisi tungekuja wote 60, tukala na ndafu juu, mngepata 2,200,000. Kutokula kwetu kungewaingizia 800,000 zaidi ya kula kwetu. Dada akaitazama ile namba, akaita jikoni waniletee soda.

Hapo ndipo alipokuja mwenye mgahawa, mama mtu mzima, khanga kiunoni, mikono ina unga. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, poleni na msiba, mmemzika salama? Tukaongea mazishi kwanza, na ikagundulika anawafahamu watu wa Kibosho kuliko mimi. Ya 75% alikuwa hayajui. Meneja alikiri aliomba masharti kwa rafiki yake anayefanya kazi hotelini, akabadilisha jina tu.

"Lakini mbuzi wenu tulishamnunua," mama akasema. "Elfu 200, mnadani. Huyo utanilipa."

"Yuko wapi?"

Akaninyooshea kidole nyuma ya jiko. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikapita makreti ya bia na rundo la mkaa, na pale chini ya mparachichi, kamba shingoni, alikuwepo beberu mweupe mwenye doa jeusi jichoni anatafuna majani ya migomba. Kwenye hesabu niliyotumiwa alikuwa ndafu tayari, keshabanikwa, ana kotimiri mdomoni. Pale alinitazama tu na kuendelea kutafuna.

Turudi kwenye hesabu, maana ndiyo iliyomaliza kazi. Pengo lilikuwa watu 15. Katika kila 30,000, kwa mgahawa uliosajiliwa VAT, tukitumia kiwango cha kawaida cha asilimia 18, Sh 4,576 si ya mgahawa hata kidogo, na huduma isiyotolewa haina pato la kutozwa kodi hiyo. Mama mwenyewe alisema chakula na vinywaji vya mtu mmoja humgharimu kama 13,000. Kinachobaki ni 12,424. Mara 15 ni Sh 186,360. Ndafu: katika 400,000, toa VAT 61,017, toa mbuzi 200,000, toa fundi wa kubanika 50,000 na viungo na mapambo 20,000, inabaki faida ya 68,983. Jumlisha: Sh 255,343. Hiyo ndiyo hasara ya kweli ya kughairi kwetu, na hiyo sikuibishia hata senti. Nikasema: mbuzi akibaki kwenu ni mali yenu, mtakata 255,000. Tukimchukua sisi, mtakata na bei yake, 455,000.

Mama hakubishana na namba. Alibishana na usumbufu: simu, daftari, kijana aliyetumwa mnadani, nauli ya mbuzi. Akasema 500,000, mchukue mbuzi wenu, nikurudishie laki sita, na lile deni la 550,000 lifutwe. Nikakubali. Shemeji alinilaumu kwa ile 45,000 niliyoiacha. Nauli ya mbuzi niliiona ina haki, na kilichobaki niliuzia amani.

Wengine kwenye kamati walikuwa na njia zao. Mmoja alitaka twende Mahakama ya Mwanzo, na kwa dai dogo la namna hii ndipo mahali pake. Mwingine alitaja Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya kupotoshwa na kukandamizwa. Zote ni njia halali, na kama mama angekataa ningeanza na barua. Wa tatu akasema nimtishie na TRA, watu wa kodi, kuhusu risiti ya mashine. Hiyo niliikataa. Kwanza ni uonevu wa aina nyingine, na pili mteja asiyedai risiti naye ana kosa lake kisheria. Ningekuwa najichongea. Risiti ya ile 500,000 iliyobaki niliiomba siku hiyo hiyo, nikapewa.

Makosa yangu yalikuwa mawili: kutouliza "tukighairi itakuwaje?" kabla ya kulipa, na kile kidole gumba. Swali lingechukua nusu dakika. Mama mwenyewe alisema angenijibu: mwezi mmoja kabla unachukua chako chote, wiki mbili kabla nabakiza kishika uchumba, wiki ya mwisho unalipia nilichonunua na nafasi nikikosa mtu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya miaka yote kabla ya wale 80, kwa mdomo, bila kibao.

Mbuzi alipanda kirikuu cha shemeji hadi Kibosho, akafungwa kwenye banda la baba mkwe pamoja na wengine. Jubilei imesogezwa hadi baada ya Pasaka. Jioni ile nilifunga hesabu za kamati nikiwa nimekaa kwenye benchi la msibani. Katibu akachungulia daftari, akauliza huyu anaandikwa wapi. Nikamwambia kwenye mapato. Mstari wa kwanza: M-Pesa, Sh 600,000. Mstari wa pili: mbuzi 1, hai.